Masahihisho ya Swali la Nane

Nilistaafu muhula uliopita, na walimu vijana wa idara ya fizikia wameniomba niwaachie maandishi kuhusu miaka yangu ya kazi. Kuhusu vyeo sitasema lolote: nilivyopata vinajulikana, na nilivyokosa vinajulikana zaidi. Nitaeleza yale ambayo huenda yakawafaa, yaani namna ya kutunza vifaa, namna ya kukosea, na namna ya kusahihisha kosa. Hili la mwisho nilifundishwa na mtu mmoja tu, na ndilo lililonifanya nisimame kwenye foleni ya watu wa kusaga mahindi huko Ruiru bila kuwa na punje hata moja mkononi.

Nilifika shuleni mwaka wa tisini, Jumatatu asubuhi, nikiwa na shahada, tai mbili, na saa ya mkononi niliyopewa na mjomba wangu. Shule yetu ilikuwa ya wavulana na wasichana, mjini Thika, upande wa barabara iendayo Gatuanyaga, na vumbi la barabara hiyo lilikaa maabara kwa uaminifu kuliko kifaa chochote kilichoandikwa kwenye orodha. Mkuu wa idara alikuwa Mwalimu Gathogo, mtu mrefu, mkavu, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hata mifukoni. Aliniangalia mkono kabla ya kuniangalia uso.

“Saa yako inakwenda sawasawa?”

“Inakwenda, mwalimu.”

“Umejuaje?”

Nikaiweka sikioni. Akanionyesha saa ya ukutani, ambayo aliilinganisha na redio kila asubuhi, akanijulisha kwamba yangu ilikuwa nyuma kwa dakika nne. Hivyo ndivyo nilivyokaribishwa. Habari za safari aliniuliza siku ya Alhamisi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na tabia yake. Ameta kubwa, kwa mfano, ilikuwa na mshale mvivu: ulipaswa kugongwa kwa ukucha, mara moja, upande wa kushoto, ndipo useme kweli. Hakuna aliyeniambia. Katika wiki yangu ya kwanza niliwafundisha kidato cha pili kwamba mkondo wa umeme ukishapita kwenye balbu hupungua, kwa kuwa ameta ilisema hivyo, nami niliiamini kuliko kitabu nilichokuwa nimekishika kwa mkono mwingine. Mwalimu Gathogo, aliyekuwa akipita dirishani, alisubiri kipindi kiishe.

“Wameandika?”

“Wameandika.”

“Basi kesho utawaambia kwamba ni kosa lako. Ameta usiitaje.”

Nilifanya hivyo, nikadhani yamekwisha. Siku iliyofuata akaniuliza darasa lilikuwa na wanafunzi wangapi siku ya kosa. Nikamwambia arobaini na mmoja. Na siku ya masahihisho? Arobaini. Yule mmoja alikuwa msichana aitwaye Mwende, mgonjwa wa matubwitubwi, ambaye kwao ni Gatuanyaga. Jumamosi nikapanda baiskeli.

Mama yake aliponiona langoni na tai yangu alisimama wima kabisa. “Amefanya nini?”

“Hajafanya kitu, mama. Ni mimi. Nilimwambia umeme unapungua ukipita kwenye balbu, na haupungui.”

Alifungua lango. “Hapa hatuna stima,” akasema, “lakini karibu chai.”

Mwende, aliyekuwa na mashavu kama maembe mawili, hakuweza kufungua kinywa. Alitikisa kichwa tu. Katika miaka yangu yote sijapata kusahihisha kosa mbele ya hadhira iliyonisumbua kidogo kuliko ile.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya Mwalimu Gathogo: kosa la mwalimu husahihishwa mbele ya kila aliyelisikia, hadi wa mwisho. Kwa sababu hiyo alihifadhi rejista za madarasa yote aliyowahi kufundisha, pamoja na daftari za alama, katika kabati ambalo ufunguo wake ulining'inia shingoni mwake.

Alikuwa pia na desturi ambayo haikuwa katika silabasi. Kila mwaka, kidato cha nne walipokaribia kuondoka, aliwapa somo moja kuhusu ulimwengu mzima. Masomo mengine yote tuliyatoa kwa Kiingereza. Hili alilitoa kwa Kiswahili, kwa kuwa, alisema, mtoto analirudisha nyumbani, na nyumbani kuna watu. Kifaa chake kilikuwa ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, wenye vifungo vya shati vilivyobandikwa kwa gundi. (Mpira wa namna hii hauanikwi juani, maana hupasuka. Huoshwa kwa sabuni ya kipande, hukaushwa kivulini, na hupakwa poda ya watoto.) Wanafunzi wawili walishika ncha na kuvuta. Kila kifungo kilikuwa galaksi, na kila galaksi iliziona nyingine zikiondoka, zile za mbali zikiondoka kwa kasi zaidi. Kisha Mwalimu Gathogo aliinua kidole na kuwaamuru wavute polepole, polepole zaidi, polepole kuliko hapo, kwa kuwa uvutano wa maada yote iliyomo ulikuwa ukiurudisha ulimwengu nyuma. Sehemu hii ilikuwa ngumu. Wapo waliotetemeka mikono.

Baada ya somo alitoa jaribio la maswali kumi. Swali la nane liliuliza kama kasi ya kupanuka kwa ulimwengu inaongezeka au inapungua, na kwa nini. Jibu lilikuwa inapungua, kwa sababu ya uvutano. Alama mbili.

Mwaka wa tisini na tatu nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa wakati wa somo hilo. Mstari wa mbele aliketi msichana aitwaye Nyambura, aliyekaa hapo kwa kuwa hakuwa na miwani na hakutaka mtu ajue. Alikuwa hodari kuliko wote. Akainua mkono.

“Inapungua kiasi gani, mwalimu?”

“Kidogo kidogo.”

“Nani alipima?”

“Jambo hili halihitaji kupimwa. Ukirusha jiwe juu, linapunguza mwendo.”

“Lakini jiwe tulipima, mwalimu. Na ule utepe wa kupimia mwendo. Ulimwengu umepimwa na nani?”

Darasa likacheka. Mwalimu Gathogo, aliyemkaribisha kila mgeni kwa kumuuliza amejuaje, hakucheka. Nadhani aliona haraka kwamba hakuwa na jibu, na mtu asiyezoea hali hiyo huiita utovu wa adabu.

Katika jaribio, Nyambura aliandika kwa swali la nane neno moja: “Haijapimwa.” Akapewa sifuri, na pembeni, kwa wino mwekundu, maneno matatu: “Jibu la mvivu.” Mvulana aitwaye Kamau aliandika kwamba inapungua kwa sababu ya uchovu, akapata alama moja kwa sehemu ya kwanza. Kwa alama hiyo moja Kamau alimpita Nyambura, akachukua zawadi ya idara, nayo ilikuwa kikokotoo cha kisayansi, kitu ambacho wakati huo shule nzima ilikuwa na vitatu.

Nyambura hakulalamika. Ila tangu siku hiyo, kila alipomwona Mwalimu Gathogo mjini, alivuka barabara kwenda upande wa pili.

“Yule msichana haoni vizuri,” Mwalimu Gathogo aliniambia siku moja.

“Anakuona, mwalimu.”

Hatukulizungumza tena kwa miaka mitano.

Mwaka wa tisini na nane, katika katoni ya vitabu vya hisani, lilitufikia jarida la sayansi lililokuwa na umri wa miezi kadhaa. Mwalimu Gathogo alilisoma kama alivyosoma kila kitu, akiweka rula chini ya mstari. Ilikuwa wakati wa chai. Akaniita, akanionyesha mahali rula iliposimama.

Ninyi habari hii mmeikuta vitabuni, lakini kwetu ilikuwa ngeni, kwa hiyo nitaieleza kama nilivyoielewa siku ile. Kuna nyota za aina fulani ambazo zikilipuka hutoa mwanga unaokaribia kuwa sawa kila mara, kama karabai zilizotoka kiwanda kimoja. Ukiona karabai yako inafifia, unajua iko mbali, na waweza kukadiria umbali wake. Makundi mawili ya wanasayansi, yakishindana, yalizitafuta nyota hizo mbali sana ili kujua upanukaji unapungua kwa kiasi gani. Yote mawili yakakuta kwamba nyota zimefifia kupita ilivyotarajiwa. Zilikuwa mbali kuliko inavyostahili. Upanukaji haukuwa ukipungua hata kidogo: ulikuwa ukiongezeka.

“Walikwenda kupima kupungua,” akasema Mwalimu Gathogo.

“Ndiyo, mwalimu.”

“Maana yake kabla yao hapakuwa na aliyepima.”

“Hapakuwa.”

Alifungua kabati, akatoa daftari ya alama ya mwaka wa tisini na tatu, akaipata ile safu bila kutafuta. Chai yake ilipoa. Alikuwa anastaafu mwezi wa Desemba, na nilimwona akihesabu majuma yaliyobaki kwa vidole.

“Mwalimu,” nikasema, kwa kuwa nilijua alipofika, “hao ni madarasa yote tangu uanze kazi. Wako Thika, Ruiru, Murera, wengine wako Ujerumani.”

“Wa Ujerumani tutawaandikia.”

Mwalimu mkuu alimshauri atoe tangazo kanisani, akidhani hilo lingemaliza mambo. Tangazo lilisomwa, kati ya mkutano wa akina mama na habari ya mbuzi aliyepotea, kwamba Mwalimu Gathogo anawaarifu wanafunzi wake wote wa zamani kuwa ulimwengu unaongeza kasi. Baada ya ibada watu watatu walimpa pole. Akaona kwamba njia hii haitoshi, na Jumamosi iliyofuata tukaanza kwa miguu, yeye na rejista, mimi na tyubu.

Nitamtaja mmoja tu kati ya wale wa Thika, Rashidi, mwenye bucha karibu na msikiti. Alimsikiliza mwalimu wake hadi mwisho, kisu kikiwa kimesimama hewani, kisha akauliza kwa upole, “Kwa hivyo ile swali mimi nilipata?”

“Uliandika nini?”

“Si niliandika inaongezeka.”

“Rashidi.”

“Mwalimu, wallahi, mimi nilijua tu. Nikasema hii kitu inakimbia.”

Mwalimu Gathogo alifungua daftari juu ya kaunta, mbali na damu. “Hukuandika chochote. Umeruka kutoka la saba hadi la tisa.”

Rashidi alifikiri. “Basi sikukosea,” akasema. Ilibidi tukubali.

Kwa Jumamosi nne tulizunguka hivyo. Tulikwenda Murera, tukafika hata Gatuanyaga, ambako mwashi mmoja alisikiliza kutoka juu ya ngazi na kukataa kushuka. Rejista ilijaa alama ndogo za penseli. Ruiru, hata hivyo, iliahirishwa kila mara. Jumamosi ya kwanza mvua ilikuwa inakuja. Ya pili ilikuwa imekuja. Ya tatu mwalimu alikuwa na viatu vibaya. Nyambura alikuwa Ruiru. Wengine wote Mwalimu Gathogo alikuwa amewafundisha kosa. Huyu mmoja alikuwa amemwadhibu kwa kutolikubali, na hakujua kama kuna masahihisho yanayofika hapo. Majuma yalipobaki mawili, nilimkuta asubuhi kituo cha basi kabla yangu, akiwa na koti jeupe la maabara. Sikuuliza.

Nyambura alikuwa na kisiagi karibu na soko, mashine ya dizeli ya kusaga mahindi, na alikuwa mweupe kwa unga hadi kope. Alituona tukiingia. Safari hii hapakuwa na upande wa pili wa barabara.

“Mwalimu.”

“Nyambura. Nimekuja kwa sababu ya swali la nane.”

“Pangeni laini,” akasema. “Kila mtu hapa ana sababu.”

Tukapanga. Mbele yetu alikuwa bibi mzee mwenye gunia nusu, ambaye alitukagua mikono.

“Mahindi yenu iko wapi?”

“Hatuna, mama,” nikasema.

“Mnasaga nini?”

Mwalimu Gathogo alimwonyesha daftari. Tulisogea hatua kwa hatua hadi tukafika mbele, mashine ikinguruma.

“Nilikosea,” akasema Mwalimu Gathogo.

“Nini?”

“Nilikosea.”

“Sisikii, mwalimu. Ni hii mashine.”

Mimi nilikuwa karibu, nikauona uso wake, na naweza kuthibitisha kwamba alisikia mara ya kwanza. Mara ya tatu Mwalimu Gathogo alilitamka kwa sauti ya gwaride, na foleni yote ikageuka.

“Amekosea nini huyu mzee?” akauliza yule bibi.

“Alinifunza ati ulimwengu unapunguza mbio, cucu. Sasa amekuja kusema unaongeza.”

“Unaenda wapi?”

“Hauendi mahali, mama,” akasema Mwalimu Gathogo. “Unatanuka.”

“Kama chapati.”

“Kama chapati, ndiyo. Ila hakuna meza.”

Bibi alilitafakari hilo. “Na sisi?”

“Sisi tutabaki. Uvutano wa hapa karibu unatosha kutushika.”

“Basi ni sawa,” akasema bibi, na kwa upande wake jambo likawa limekwisha.

Mwalimu Gathogo aliweka daftari juu ya gunia, akakata sifuri, akaandika mbili, akatia sahihi na tarehe. Nyambura aliinama kusoma, karibu sana na karatasi. Bado hakuwa na miwani.

“Na hii ya mvivu?”

Akatoa rula mfukoni, akayakata maneno yote matatu kwa mstari mmoja ulionyooka.

“Andika kitu hapo juu yake.”

“Niandike nini?”

“Wewe ndiye mwalimu.”

Alisimama na kalamu kwa muda mrefu, unga ukimwangukia mabegani bila kuonekana juu ya lile koti. Kisha akaandika, nami nilisoma kinyumenyume: “Mwanafunzi alikuwa sahihi. Mwalimu hakuwa amepima.”

Nyambura alisoma mara mbili. “Kwa hivyo ile zawadi ilikuwa yangu.”

“Ilikuwa yako.”

“Kamau yuko wapi siku hizi, yule wa uchovu?”

“Anauza bima, Nairobi.”

“Inamfaa,” akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, ingawa kwa upande wa Kamau zaidi kuliko wetu.

Wakati huo mahindi yalikuwa yakiisha katika mdomo wa mashine, na mlio wake ukaanza kupanda. Nyambura, bila kutazama, alinyoosha mkono akapunguza mafuta.

“Unasikia hiyo, mwalimu? Mahindi yakiwa mengi, inalemewa, inaenda pole. Yakipungua, inakimbia. Huko juu si ni hivyo? Vitu vimetawanyika, mzigo umekuwa mwepesi.”

Mwalimu Gathogo aliomba penseli. Napenda mlikumbuke hili, wenzangu, kwa sababu miaka kadhaa baadaye vipimo vilionyesha kwamba ndivyo ilivyokuwa: mwanzoni, maada ilipokuwa imesongamana, ulimwengu ulipunguza kasi kweli; ilipotawanyika, ukaanza kuongeza. Sisi tuliambiwa Ruiru, na mtu mwenye unga kwenye kope.

“Lakini yangu inakimbia kwa sababu kuna injini,” Nyambura akaendelea. “Injini ya huko ni nini?”

Nilikuwa nimefanya kazi na mtu huyu kwa miaka minane. Nilikuwa nimemwona akijibu wakaguzi, wazazi, na kasisi mmoja aliyetaka kujua mbingu iko umbali gani. Nikamwona sasa akilitoa lile jarida chini ya kwapa, akalitazama, nalo halikuwa na msaada.

“Sijui,” akasema.

“Nini?”

“Sijui. Na waliopima hawajui.”

Nadhani mara hii Nyambura hakusikia kweli. Alinyoosha mkono akazima injini. Mkanda ulizunguka, ukachoka, ukasimama, na katika kimya hicho watu wote wa foleni walituangalia.

“Rudia, mwalimu. Hawa wa nyuma hawajasikia.”

“Sijui,” akasema Mwalimu Gathogo, kwa sauti ya kawaida, akiwatazama mmoja mmoja kama darasa.

Yule bibi alishusha gunia lake. “Kama hajui, asimame kando. Sisi tuna mahindi.”

Akasimama kando. Nyambura alipindua debe akampa akae, akatoa chupa ya chai na vikombe viwili, na mashine haikuwashwa hadi mwalimu alipomaliza chake, ingawa foleni ilikuwa na maoni. Alipoinuka kuondoka, Nyambura alimpangusa unga begani kwa kiganja, akaongeza mwingine.

“Wakijua, uje uniambie.”

“Nitakuja.”

Alistaafu Desemba hiyo, rejista yake ikiwa imebaki na majina machache ya Ujerumani. Wanasayansi wakaipa ile injini jina, nishati ya giza, kabla ya kuijua, kama tunavyofanya sisi kwa watoto, ambao majina yao, ya babu na bibi zao, yanajulikana hata kabla wazazi hawajakutana. Jina halikumtosheleza Mwalimu Gathogo. Kila mwaka, shule zikifungwa, alipanda basi hadi Ruiru kumwarifu Nyambura kwamba bado hawajajua. Wateja walimzoea, hata wakawa wanampa nafasi mbele ya foleni, kwa kuwa habari yake ilikuwa fupi.